Neno Lililomtangulia Papa wa Sanduku

Wasomaji wangu wa gazeti la ukutani, Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa katikati ya pirogi, mtumbwi wa kuvushia watu, mkoba wa shule juu ya magoti, pamoja na mama mmoja wa mihogo na jogoo wake aliyefungwa miguu, wakati mpiga kasia alipoacha kupiga kasia. Tulikuwa tumefika pale ambapo maji huanza kuvuta, na pale hakuna anayepumzika. Akasema bila kumwangalia yeyote, "Papa wa sanduku amekufa. Banasema ni moyo. Jana alikula muzuri, akalala, asubuhi hakuamuka." Mama wa mihogo akauliza, "Papa wa sanduku gani?" Mpiga kasia akamjibu, "Ya buluu. Mama, iko sanduku ngapi huku?" Kisha akapiga kasia kwa nguvu mpaka jasho likamtoka, maana mto ulikuwa umetuteremsha mbali na bandari. Siku hiyo nilifika shule nimechelewa, na nilipoulizwa sababu nilinyamaza, kama kawaida yangu. Sababu ndiyo hii ninayoiandika.

Sitaandika jina la mzee huyo; kwetu papa ni baba, na ni kila mwanaume wa umri wake. Munajua kwamba kwenye ukuta huu siandiki majina, na wengi wenu wa Lubunga, ng'ambo ya mto, mumeshamtambua. Alikuwa mfanyakazi wa idara ya afya ya jimbo, huku Makiso, upande wa shule yetu, kwenye chumba kile chenye friji za chanjo. Hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa baridi. Asubuhi na jioni alisoma kipimajoto cha kila friji na kuandika alichokiona kwenye daftari, hata Jumapili, hata siku ambazo mizinga ilisikika. Na siku za kuvusha dawa alipanga vipande vya barafu ndani ya sanduku la buluu, akaweka chupa katikati, akalifunga kwa mkanda wa mpira kwenye baiskeli yake na kuteremka bandarini. Sisi wote tuliozaliwa ng'ambo, sindano zetu za utoto zilipita mikononi mwake. Mimi nina kovu lake begani.

Mara ya kwanza nilipomwona karibu ilikuwa siku ya mvua. Papa yangu ni muuguzi kwenye kituo cha afya cha kwetu, kwa hiyo mvua ilipomkamata mzee njiani alikimbilia nyumbani kwetu. Mama akamletea kiti, kile kimoja kizuri. Akasema, "Mama, aksanti. Sanduku ikae kwanza." Akaliweka sanduku juu ya kiti, yeye mwenyewe akasimama na maji yakimchuruzika, mpaka mama alipotafuta kigoda. Mdogo wangu akamuuliza kama kuna mtu ndani ya sanduku. Akajibu bila kucheka, "Iko batu mingi. Banalala. Tukifungua-fungua, joto itabaamusha, na bakiamuka banakufa." Papa akanisukuma kiwiko, kama anavyonisukuma mbele ya kila mgeni: "Salimia papa." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na mkono wangu ulikataa kutoka. Yule mzee akasema, "Muache. Huyu na sanduku yangu ni sawasawa. Hafungukake ovyo." Nilirudi kitandani kuandika maneno hayo kwenye daftari langu. Hakuna mtu aliyewahi kusema aibu yangu kwa namna ya kunifanya niwe kitu cha kutunzwa.

Halafu ukaja ule ugonjwa wa kikohozi uliozunguka dunia nzima. Nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi nilifurahi walipokataza kushikana mikono. Kwetu usipompa mtu mkono umemtukana, na mimi kila siku nilikuwa natukana watu bila kutaka. Sasa serikali yenyewe ilikuwa imekuwa na aibu kama mimi. Papa aliwafundisha wagonjwa kunyoosha kiwiko tu. Alipotoka kazini alinawa kwa sabuni mlangoni, akala sahani yake peke yake, akalala kwenye chumba cha nje ili asituletee kitu. Kwenye msiba alikaa pembeni na hakula. Furaha yangu iliisha wiki ile muuguzi mwenzake, mama aliyekuwa akiniletea maandazi, alipoanza kukohoa. Tulimzika kabla wiki haijaisha. Tangu siku hiyo kila papa alipojikuna koo, mimi niliacha nilichokuwa nafanya nikasikiliza kama kikohozi kitafuata. Ndiyo maana tuliposikia kwamba sindano ya kukinga ugonjwa imefika Makiso, na kwamba wafanyakazi wa afya watapewa kwanza, niliomba Mungu sindano ivuke mto haraka, kabla papa hajakohoa.

Sasa lazima niwaeleze neno, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na neno. Katika vitabu vyetu kuchanjwa ni kupewa dawa ya kukinga ugonjwa. Mtangazaji wa redio aliyelitumia hakukosea. Lakini ng'ambo, mwaka ule, neno hilo lilikuwa limekamatwa na vita. Watu waliolima jirani tangu babu zao walikuwa wanapigania mashamba, nyumba zilichomwa, na baadhi yenu munaosoma hapa mulivuka na godoro kichwani mukalala katika madarasa haya haya. Vijana wa kila upande walipelekwa msituni kwa mtu wa dawa. Aliwachanja ngozi kwa wembe kifuani na mikononi, akapaka unga mweusi ndani ya vidonda, ili risasi na mishale isiingie. Huko ndiko kuchanjwa. Ukisikia fulani amechanjwa, hukuuliza ugonjwa gani. Uliuliza upande gani. Na aliyechanjwa ana miiko yake: hashiki mkono wa mtu, halali na mke, hali mahali pa wengi. Akivunja mmoja, dawa imekufa.

Unganisheni wenyewe. Papa hakuwa ameshika mkono wa mtu kwa miezi. Alilala chumba cha nje. Alikula peke yake. Kisha redio ikatangaza kwamba kesho wafanyakazi wote wa afya watachanjwa, na watatangulia raia wengine. Nilikuwa kwenye foleni ya maji habari ilipopita ndoo kwa ndoo. Mama mmoja akasema, "Njo maana hasalimiaki tena batu." Mwenzake akabisha, "Lakini ananawaka na sabuni, dada. Mutu ya dawa hagusake sabuni." Wa kwanza akafikiri kidogo. "Hii ni ya serikali," akasema. "Iko na mashariti yake." Watu wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu kweli ilieleweka vizuri sana. Mimi nilijua ukweli, nilikuwa na midomo miwili ya kuusema, na nikabeba ndoo yangu nikaondoka. Hilo pia nakiri.

Mchana wa siku hiyo vijana watatu walikuja nyumbani. Mkubwa wao tulimjua tangu utoto wake, papa alimtibu malaria zaidi ya mara moja. Alisimama uani, mkono wake mmoja umefungwa kitambaa chekundu, akazungumza kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyoniogopesha. "Papa muganga, sisi tunakuheshimia. Wewe ni mutu ya Maniema, hauko wa huku hauko wa kule, ju ya hiyo unatibu wote. Lakini kesho bakikuchanja, tutajua uko na upande." Papa akasema, "Mwanangu, ni sindano ya kikohozi." Kijana akasema, "Redio imesema kuchanja. Redio inadanganya?" Papa akasema, "Hapana, haidanganyake." Kijana akaangalia juu, kuelekea kituo cha afya. "Na kituo yako iko na paa ya majani," akasema taratibu, wakaondoka.

Mama alisema, "Acha basi. Uishi bila hiyo sindano." Papa akajibu, "Banakohoa mu uso yangu kila siku. Nitaishi namna gani?" Mama akasema, "Na kituo ikiungua, utabatibia wapi?" Wote wawili walikuwa na haki, na mimi nyuma ya pazia nilikuwa nampoteza papa kwa njia zote mbili. Mwishoni papa akampigia mzee wa Makiso, akamweleza asije. Simu yetu inapiga kelele, tulisikia wote. Mzee alisema, "Barafu nimekwisha kuipanga." Papa akarudia hatari yote tangu mwanzo. Mzee akauliza swali moja tu: "Neno gani njo linabaudhi? Kuchanja?" Papa akasema ndiyo. "Bon, sawa," akasema mzee. "Nakuja na lingine."

Asubuhi ufukwe ulijaa kama siku ya soko. Papa aliteremka na wafanyakazi wa kituo, watu sita pamoja naye: mkunga, muuguzi kijana, mtu wa maabara, mama anayeosha sakafu na mlinzi. Vijana walisimama kati yao na maji, mapanga mikononi. Pirogi ikagusa mchanga, na mzee akateremka na suruali yake ya pasi ndani ya maji, sanduku amelikumbatia kama mtoto mchanga. Kijana wa kitambaa chekundu akamzuia. "Papa, iko nini ndani?" Mzee akasema, "Nitakuambia. Sanduku ikae kwanza. Nipeni kiti." Hakuna aliyesogea. Sijui niliipata wapi miguu. Nyumba yetu iko juu tu ya ufukwe, nikapanda mbio, nikashuka na kile kiti kizuri kichwani, nikapita katikati ya mapanga macho yangu yakiwa chini, nikakiweka mchangani. Mzee akaweka sanduku. Akaniambia, "Aksanti, sanduku mwenzangu."

Kisha akavua koti, akakunja mkono wa shati mpaka begani. "Mimi nilipata hii sindano wiki tatu zimepita," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma kipimajoto. "Njooni mutafute alama ya wembe." Watu walirudi nyuma hatua moja, halafu wamama wakasogea. Mmoja akamgusa bega kwa kidole. "Hakuna kitu," akatangaza. "Iko paka mafuta ya uzee tu." Ufukwe ukacheka kidogo. Yule kijana hakucheka. Akasema, "Kwa nini basi hamushikake mikono? Mutu asiyechanjwa anaogopa nini mukono?" Hapo mzee akafanya kitu ambacho kwa miezi yote alikuwa amewakataza watu wengine. Alinyoosha mkono wake wa kulia, wazi, mbele ya kijana. "Nishike," akasema.

Kijana akaruka nyuma. Aliruka upesi kama mtu aliyeona nyoka, na mkono wake akauficha mgongoni. Hata mimi ninayeficha mkono kila siku nilielewa nilichokiona: kati ya wale wawili, mwenye kuchanjwa alikuwa nani. Mama mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe ni yeye njo hasalimiaki," na kicheko kikaanza kupanda, kile kibaya, cha watu wanaocheka mtu mwenye panga. Niliona uso wa kijana unabadilika. Dakika ile moja ya mzaha ingeweza kutumaliza sote. Na mzee angeweza kushinda pale. Alikuwa ameshinda. Badala yake aliuteremsha mkono wake, akasogea mpaka karibu na yule kijana, lakini bila kumgusa, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo sisi wa mbele tu tuliisikia, "Unisamehe, mwanangu. Sikukugusa. Dawa yako iko nzima." Halafu akageukia umati na kusema kwa ukali, "Nani anacheka? Huyu analinda ya kwake, mimi ninalinda ya kwangu. Nyamazeni, barafu inayeyuka." Kicheko kikafa. Kijana akashusha panga. Alibaki amesimama pale pale, ila sasa alikuwa amesimama pembeni, na njia ilikuwa wazi.

Papa alikuwa wa kwanza. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mbele ya macho yote, akafunga macho yake kama mtoto, na ikaisha kabla sijamaliza kuhesabu hadi tatu. Wakafuata wenzake watano. Mzee akaangalia chupa juani. "Chupa moja ni ya batu kumi," akasema, "na ikifunguliwa hairudi Makiso. Nani tena hapa anagusaka bagonjwa?" Mpiga kasia akainua kasia. "Mimi. Nabavusha kila siku, banakohoa mu shingo yangu." Watu wakacheka, kicheko kizuri sasa, na mzee akasema, "Basi wewe ni mufanyakazi wa afya, hata kama hawajakuambia." Mchimba makaburi akaja. Mama akaja, kwa sababu ndiye anayefua makoti ya papa. Ikabaki sindano moja. Mzee akaita, hakuna aliyekuja. Yule kijana akauliza kutoka mbali, "Hiyo inazuia risasi?" Mzee akasema, "Hapana. Inazuia paka kikohozi, basi." Kijana akasema, "Basi haina faida." Mzee akajibu, "Kwa vita, hapana." Alingoja saa nyingi kando ya kiti chetu, hakula, akiangalia saa yake na watu wanaopita. Muda wa chupa ulipoisha alikiharibu kile kilichobaki, kama kazi yake ilivyomwagiza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefukia kaburi.

Kutoka wiki ile redio haikusema tena kuchanja. Ilisema kupata sindano ya kikohozi, na kituo cha kwetu hakikuungua. Nimesikia kwamba mzee aliingia kwenye ofisi ya wakubwa wake, suruali bado ina mchanga, akawaambia kwamba neno lao limefika ng'ambo kabla yake na limefika na wembe. Sijui kama alisema hivyo hasa. Najua tu kwamba tangazo zima lilibadilishwa kwa sababu mtu mmoja wa friji aliuliza swali moja kwenye simu. Nimefikiri sana juu ya swali lile. Papa yangu amesoma kuliko yeye, na alikuwa amewaeleza watu dawa hiyo vizuri kabisa. Lakini alieleza dawa, na watu walikuwa wanasikia neno. Huyu mzee alikuwa amezoea kubeba kitu kinachokufa kwa joto, na labda ndiyo maana alijua kwamba maneno nayo yanaharibika njiani, kwamba unaweza kulituma zima kutoka Makiso na likafika limeoza, na aliyelituma akaapa kwamba alilituma zima. Ninaposikia watu wazima wakilaumu watu wa ng'ambo kwa ujinga, nakumbuka foleni ile ya maji. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajua maana ya neno kuliko redio.

Jumatano tulivuka kwenda matanga, papa, mama na mimi. Nilitegemea kuona watu wakubwa, na walikuwepo wachache, lakini uani walijaa wapiga kasia, mama wa kuosha sakafu, watu wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Familia ilikuwa imekaa kwenye mikeka. Kulikuwa na kiti kimoja tu, na juu yake waliweka sanduku la buluu, tupu, kifuniko kimefungwa. Hakuna aliyewaambia, nadhani. Ilikuwa tu kwamba katika nyumba ile kila mtu alijua nani anakaa kwanza. Nilisimama mbele ya kile kiti na nikashikwa na kitu ambacho sina neno lake. Miaka yote ya vita mto ule ulipitisha silaha na maiti na wakimbizi, na katikati yao huyu mtu mfupi alipita na barafu yake, akarudi, akapita tena, na hakuna siku hata moja barafu ilifika imeyeyuka.

Tulipokuwa tunatoka, mtu alikuwa amesimama mlangoni, hana kitambaa chekundu tena. Nilimtambua kwa namna alivyomtazama papa. Vita vya kwetu vimetulia kidogo, na sikujua kama yeye ameachana navyo au vimemwacha. Papa alisimama. Kijana akasema, "Papa muganga, ile sindano ya mwisho aliimwaga." Papa akasema, "Nakumbuka." Kijana akasema, "Ilikuwa yangu. Mama yangu alikohoa mwezi uliofuata, hakupona. Mimi njo nilimupelekea kile kikohozi." Kisha kijana akanyoosha mkono wake wa kulia, wazi kabisa, kama mzee alivyounyoosha siku ile ufukweni. Papa akaushika kwa mikono yake miwili.

Wasomaji wangu, nilichojifunza ni kidogo. Kabla ya kumpelekea mtu kitu, hata kiwe kizuri cha kuokoa maisha, uliza kwanza kule kinaitwaje. Na ukimshinda mtu mbele ya watu, mrudishie kitu cha kusimamia. Mzee hakutufundisha hayo kwa mdomo, aliyafanya tu, maji yakiwa kwenye magoti. Yule kijana alipomaliza na papa, akanigeukia mimi, mkono bado umenyooka. Nilingoja kusukumwa kiwiko. Papa hakunisukuma. Nikautoa mkono wangu mwenyewe.